Sakafu ya Nne

Usidhani ni ghorofa.
Nyumba yetu ni ya chini, Mtaa wa Kenari namba kumi na saba,
kaskazini mwa Semarang, mwisho wa lami.
Mimi sakafu nazihesabu kwenda chini:
vigae vyeupe vya mwaka niliofunga ndoa,
chini yake vya kijani, alivyochagua mama,
na chini kabisa saruji nyekundu ya kampuni iliyotuuzia
pamoja na karatasi yenye picha ya bustani
na neno "milele" kwa wino wa dhahabu.

Ardhi inazama. Hakuna asiyejua.
Inazama kama mgeni anavyosinzia kitini,
polepole, kwa adabu, huku akijibu, "Nipo, nipo."

Na bahari huja bila mawimbi.
Huja kwa mfereji, kwa tundu la choo,
kwa maungio ya vigae, saa nane mchana,
jua kali, hakuna hata wingu la kusingizia.
Tunaiita rob. Neno fupi, kama kikohozi.
Watoto hutoka shule na viatu mkononi,
muuza supu husukuma mkokoteni ndani ya maji
akigonga bakuli kwa kijiko, ting, ting,
na Bu Kustinah hushuka na sufuria, sketi kaikunja,
akidai apunguziwe bei kwa sababu ya unyevu.

Wahenga walituonya kuhusu ufa na ukuta.
Sisi hatuzibi, hatujengi. Tunapanda.
Manispaa ikiinua barabara, maji yanatushukia,
basi nasi tunaleta kifusi, tunakata milango,
na dari, maskini, haina pa kwenda.

Pak Hendarmin hakupanda.
Pensheni ya ualimu haikutosha malori mawili ya mchanga.
Sasa dirisha lake la sebuleni ndilo mlango,
wageni huingia mguu kwanza, kama wezi,
naye anacheka: "Karibuni, chungeni maua!"

Mwezi huu upatu umeniangukia.
Milioni tisa, bahasha ya kaki,
zikahesabiwa mara mbili mezani kwa Ci Giok Lan
kati ya keki za kijani na chai iliyopoa.
"Utanunua nini?" wakauliza,
wao, wenye saruji kwenye kucha.

Fundi Ngatiman amekuja na uzi na chaki.
"Sentimita hamsini," akasema,
akapiga mstari kuzunguka sebule yote,
akafika kwenye nguzo, akasimama.

Hapo ndipo baba alipotupima kila mwaka wa shule ulipoanza.
Karani wa bandari, hakuamini kitu kisichoandikwa:
kitabu bapa juu ya nywele, penseli, tarehe.
Mimi wa miaka mitano nimo chini ya kijani,
wa miaka saba nimo chini ya vyeupe, kwa kidole kimoja tu.
Kaka yangu Wignyo, aliyefuata makaa ya mawe Kalimantan
na hajapiga simu tangu Idi ya mwaka juzi,
amebaki na mstari mmoja, miaka kumi na minne.
Ulikuwa juu ya kichwa changu.
Leo haunifiki goti.

Nikaomba futi. Thelathini na tano.
"Weka thelathini na tatu," nikamwambia.
"Bu, hiyo ni misimu miwili tu. Maji hayajui penseli."
"Najua."
"Utaniita tena."
"Nitakuita."

Akanitazama, akatazama nguzo,
akalowesha kidole gumba kwa ulimi
na kuanza kufuta chaki yake, pole pole, ukuta kwa ukuta.
Nje pampu ya mtaa ilikuwa inanguruma,
na kule bandarini kreni ikainua kontena,
ikaishikilia hewani kitambo,
kama mtu aliyesahau alitaka kuiweka wapi.